Trei ya Upande Mmoja

Kijiwe cha kambi ya Saguaro kipo mahali ambapo upepo wa jangwani haufiki, ubavuni mwa nyumba ya kufulia, pale ukutani panapotoka joto la mashine za kukaushia nguo. Meza ni ya zege na mabenchi yake ni ya zege, na zege la Januari la Arizona si kitu cha kukalia mzee mwenye akili timamu, kwa hiyo kila mwanakijiwe hufika na kiti chake cha kukunja amekibana kwapani. Chupa ya kahawa huletwa kwa zamu. Wote ni wastaafu waliokimbia theluji ya kwao kwa magari-nyumba marefu kama mabasi, na wote wana majina ya hapo hapo. Dizeli aliendesha malori maisha yake yote na hamwamini mtu ambaye gari lake linakunywa petroli. Mpelelezi alikuwa mkaguzi wa madai ya bima kule Ohio, na mpaka leo hajakutana na ajali aliyoiamini. Jaji hakuwahi kuhukumu kesi hata moja. Alikuwa mwamuzi wa mashindano ya maboga huko Iowa, na hilo limemtosha kutolea hukumu kila kitu duniani. Wa nne ni Wendell Haugen wa Dakota Kaskazini, aitwaye Kipimajoto, kwa kuwa kila asubuhi hutangaza kwao kumeganda kiasi gani kabla hata hajasalimia.

Asubuhi hiyo hakutangaza. Alifungua kiti, akakaa, akapokea kikombe chake na kukitazama tu.

— Vipi, kwenu leo hakuna baridi? Jaji akamuuliza.

— Ipo.

— Kiasi gani?

— Sijaangalia.

Dizeli akaweka kikombe chake mezani taratibu.

— Basi kuna msiba. Nani kafa?

— Hajafa mtu, Wendell akasema. Kuna fundi anakuja saa nne. Analeta trei.

— Trei za nini?

— Za buti la chini ya gari. Zile za kuvuta, vitu vinatoka nje vyenyewe.

Uso wa Dizeli ukachanua. Akasogeza kiti.

— Hapo sasa umekuja kwa mwenyewe! Sikiliza, mzee. Usikubali ya bati jembamba. Ikibeba mzigo inapinda katikati, siku ya tatu haiingii wala haitoki. Chukua ya chuma, iwe na gololi kubwa. Na kufuli uikague wewe mwenyewe. Mimi nimemwona mtu kaegesha gari mlimani, kafungua mlango wa buti, trei ikamjia tumboni na jenereta juu yake.

— Na inakula nafasi, Jaji akaongeza. Ukishaiweka, sakafu inapanda. Boksi lililokuwa linaingia haliingii tena.

— Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye, Dizeli akahitimisha.

— Hiyo ni ya watoto, bwana.

— Trei nayo si mtoto wa buti?

Wendell aliwaacha wamalize. Kisha akasema lile ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu jana.

— Trei si yangu. Kaagiza Verna. Na buti kalipima mwenyewe.

Kambini kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna asiyeijua: vya ndani ya gari ni vya mke, vya nje ni vya mume. Mume ndiye anayeunga maji, umeme na bomba la choo. Mume ndiye anayepanda paani. Na mabuti ya chini, yale yaliyo chini ya sakafu kama ya basi la masafa marefu, ni milki ya mume tangu enzi. Mke ana jiko, kitanda na mapazia. Mwanamke akionekana nje na futi mkononi, kijiwe hakilali.

— Kapima, Mpelelezi akarudia kwa sauti ya chini. Kwa futi?

— Kwa futi. Kaandika na vipimo mkononi, kwa kalamu.

— Mkononi, ili asiache karatasi. Endelea.

— Fundi anakuja na aina mbili. Moja inatoka pande zote mbili za gari, unaweza kuivuta kulia au kushoto, ila haitoki yote, nusu na kidogo tu. Nyingine inatoka upande mmoja, lakini inatoka yote mpaka mwisho. Mimi nataka ya pande mbili. Buti letu limepenya toka ubavu hadi ubavu, sasa kwa nini nifunge upande mmoja? Verna hataki hata kusikia. Anataka ya upande mmoja, wa kulia.

— Kulia ndiko kwenye mlango, Jaji akasema.

— Kulia ndiko kwenye mlango, na viti, na turubai la kivuli. Kushoto ni kwangu, kwenye mabomba.

— Kwa hiyo hataki ifike kwako, Mpelelezi akasema.

Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna Wendell, na kulisikia kwa mdomo wa mwingine kulimuuma zaidi. Mtu mzima yule alikuwa na hofu. Miaka yote ya ndoa yao Verna hakuwahi kudai kitu chochote cha nje. Tangu mwaka jana, tangu Wendell alipowekewa nyonga mpya, mwanamke alikuwa amebadilika: anaamka mapema, ananyamaza ghafla mumewe akitokea, na mwezi uliopita alikwenda kwenye darasa la wanawake pale kambini akajifunza kuliendesha gari lote lile, kugeuza na kurudi nyuma. Wendell aliona kama mkewe anajiandaa kwa maisha ambayo yeye Wendell hamo. Na saa nne fundi angemuuliza, ipi, mzee, na yeye angelazimika kusema ndiyo au hapana kwa jambo asilolijua.

— Mimi naona hivi, Dizeli akasema. Anataka kuuza gari. Gari lenye trei linauzika upesi.

— Angeuza bila kuniambia?

— Mke wangu aliuza boti yangu nikiwa kwenye boti.

— Hapana, hapana, Mpelelezi akasema, akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusana na ya Wendell. Kipimajoto, nitazame machoni. Kuna kitu hujatuambia. Nimekaa na watu waliochoma maghala yao wenyewe, namjua mtu anayeficha. Toa.

Wendell akageuka kuhakikisha hakuna mtu anayetoka na nguo.

— Jana nilifungua lile buti. Upande wa kulia. Nilitaka kuona hivyo vipimo vyake.

— Enhe.

— Nikakuta mto.

— Mto wa kulalia?

— Wa kulalia. Una foronya yetu ya mistari, tuliyoitafuta mwaka mzima. Upo pale pale mlangoni, umebonyea. Na fimbo ya fagio, imefungwa waya mwishoni, waya umekunjwa kama ndoana. Na tochi ndogo imening'inizwa kwa kamba.

Kijiwe kizima kikasogeza viti karibu.

— Ukamuuliza?

— Nilifunga mlango nikaenda kuangalia bomba la maji.

— Lilikuwa na nini bomba?

— Halikuwa na kitu.

Mpelelezi alisimama, akazunguka meza, akakaa tena. Furaha aliyokuwa nayo haikuwa ya Kikristo.

— Mto, tochi, ndoana. Waheshimiwa, kuna mtu analala humo.

— Acha utani.

— Buti lina urefu gani kwenda juu?

— Linanifika kiunoni.

— Basi ni mtu mfupi. Tunamjua nani mfupi hapa kambini?

— Fundi wa bwawa la kuogelea, Dizeli akasema mara moja.

— Bwawa limefungwa tangu mwezi wa kumi na moja. Sasa jiulize, kwa nini yupo hapa kila siku?

— Ana mke na watoto wanne! Wendell akasema.

— Mwenye watoto wanne ndiye anayetafuta mahali pa kulala kwa utulivu. Kikulacho ki butini mwako, mzee.

Jaji akainua mkono, kama alivyokuwa akifanya wenye maboga walipozidisha kelele.

— Napinga. Mtu mgeni angeleta mto wake. Huo mto ni wa nyumbani, kwa hiyo anayelala humo ni Verna. Kipimajoto, wewe unakoroma. Mimi nipo magari matatu kutoka kwako na nakusikia. Mama wa watu kachoka, anashuka chini, anavuta mlango kwa ile ndoana, anajifungia. Trei ndiyo kitanda chake. Anataka itoke yote ili asubuhi asijigonge kichwa.

— Naamka nampata jikoni.

— Anawahi. Si huwa anaamka mapema?

Wendell akahesabu asubuhi zile kichwani, na akaona kwamba kweli, anaamka mapema. Kahawa ikamgeukia uchungu.

— Nyote mmepotea, Dizeli akasema. Mimi nawauliza swali la kitaalamu. Trei ile ya upande mmoja inabeba uzito gani?

— Mkubwa. Fundi alisema hata injini ya pikipiki inakaa.

— Na Verna ana pikipiki? Hana. Ana nini? Vitambaa vya kushonea mablanketi. Vitambaa vinahitaji chuma? Sasa nawaambia. Yule mama kila Jumanne anakwenda jangwani na kile kikundi cha kuokota mawe. Mawe, mawe, sisi tunacheka. Kapata dhahabu! Kaijaza kwenye foronya. Ndiyo maana mto umebonyea.

— Kitu kikijaa dhahabu kinabonyea?

— Haba na haba hujaza kibaba. Haujajaa bado.

Hapo hata Wendell angecheka, kama Mpelelezi asingekuwa amenyamaza. Mpelelezi akinyamaza ndipo pa kuogopa. Alikuwa akimpima Wendell kwa macho, kutoka kofia hadi viatu.

— Wewe una urefu gani?

— Kwa nini?

— Hebu simama.

— Sisimami.

— Trei ikitoka yote, ina urefu gani?

Wendell akainua kiganja kuonyesha kutoka meza mpaka ukuta, kisha akaona anachokionyesha, na mkono ukabaki hewani.

— Ee bwana, Jaji akanong'ona.

— Umewahi kuona mochwari? Mpelelezi akasema. Nimekwenda nyingi kwa kazi yangu. Wana trei za namna hiyo hiyo. Zinatoka upande mmoja, zinatoka zote. Mto unawekwa hapa, kwenye kichwa. Ndoana ya kuvutia. Tochi ya usiku. Na nani kajifunza kuendesha gari mwezi uliopita? Nani? Bima ya maisha unayo?

— Ninayo.

— Ya siku nyingi?

— Verna ndiye anayeshughulika na mambo hayo.

Mpelelezi alifumba macho, kama mtu aliyesikia muziki mzuri.

— Anakulaza, anasukuma, anafunga kufuli. Anaendesha mwenyewe hadi Dakota Kaskazini. Baridi ya kwenu itakutunza mpaka ardhi iyeyuke wakuzike. Kipimajoto, hesabu zake zimekaa vizuri kuliko zako.

— Wewe mtu una roho mbaya, Dizeli akasema, lakini akasogea kidogo mbali na Wendell, kama vile kifo kinaambukiza.

— Mimi hukumu yangu ni hii, Jaji akasema. Fundi akija, mfukuze upesi upesi. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

— Sasa si hiyo ndiyo haraka?

— Ya kwako ina baraka. Isiyo na baraka ni ya Verna.

Wendell alijua kwamba ni upuuzi. Alijua mkewe hawezi kumuua hata nge, huwa anamtoa nje kwa kikombe. Lakini shaka haisikii akili, na chini ya upuuzi wote ule lilibaki lile la mwanzo, nalo halikuwa upuuzi: Verna alikuwa na jambo kule chini, na jambo hilo lilikuwa na kila kitu isipokuwa yeye. Akaamua. Fundi akifika atamwambia aondoke na trei zake zote mbili.

Ndipo alipotokea mgeni. Walikuwa wamemwona jana jioni akiingia na gari la rangi ya udongo lenye namba za Nebraska, peke yake. Sasa alikuwa akija kwa kuchechemea, kiti kikiburutwa nyuma yake, suruali imejaa vumbi magotini, na kwenye paji la uso ana nundu nyekundu yenye tone la damu.

— Habari za asubuhi, wazee. Mimi naitwa Arlo Teske. Nimeambiwa hapa ndipo penye kahawa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Jaji akasema, akainamisha chupa. Ikatoa kikombe kimoja cha mwisho, nacho kilikuwa na machicha. Umepigana na nani, bwana? akamuuliza.

— Na buti, Arlo akasema, akajishusha kitini akikunja uso. Nimeanza jua halijatoka. Nilikitaka hiki kiti tu, nije kukaa nanyi. Kilikuwa nyuma kabisa, nyuma ya kila kitu. Ukiinama hukifikii, ukipiga magoti changarawe inakutoboa, ukiinuka mlango unakupasua kichwa. Mwisho nimeingia mzimamzima kwa tumbo, nikakivuta kwa fagio.

Akanywa, akaviangalia viti vyao, vinne, vimekaa vizuri kwenye duara, vitambaa visivyo na vumbi. Akauliza kwa wema kabisa, kama mtu anayetaka kujifunza:

— Nyinyi vyenu mnavitoaje?

Dizeli alifungua mdomo. Alikuwa na jibu la kila kitu chenye chuma. Akainama kuikagua miguu ya kiti chake.

— Changu mimi, Jaji akaanza. Changu huwa... Nikifika mahali naunga maji. Naunga umeme. Nikishamaliza upande ule nazunguka huku mlangoni, nakuta viti vipo.

— Vipo, Dizeli akasema.

— Na zulia limetandikwa, Mpelelezi akasema, na kwa mara ya kwanza tangu afahamike sauti yake haikuwa na uhakika. Na jiko la kuchomea nyama. Na meza ndogo.

— Eh, hata vyangu ndivyo vilivyokuwa, Arlo akasema. Vilikuwa vinatoka vyenyewe. Mpaka nilipomzika mke wangu, mwezi wa sita.

Akaipangusa damu kwa kiganja, akaitazama.

— Leo ndiyo nimejua ule mto ni wa nini. Kulikuwa na mto humo mlangoni, miaka yote. Mimi nilidhani ni wa mbwa. Mbwa mwenyewe alikufa zamani.

Wendell alitazama kiti alichokalia, mikono yake ya plastiki, na kitambaa cha bluu ambacho kila mwaka alikikuta kimefutwa. Daktari alimwambia baada ya nyonga asiiname, naye alilichukua hilo kama ushauri wa mambo ya gofu. Tangu siku hiyo hakuwahi kuinama, na hakuwahi kukosa kiti. Hakuwahi hata kujiuliza.

Barabara ya changarawe ikatoa sauti. Pikapu ya fundi ilipita polepole mbele ya nyumba ya kufulia, trei mbili zimefungwa kamba nyuma.

— Kipimajoto, Mpelelezi akaanza.

— Nyamaza, Duane, Wendell akasema, akamwita jina lake la kuzaliwa. Akakunja kiti chake na kuondoka.

Alipofika, fundi alikuwa ameshashuka na Verna amesimama kando ya mlango wa kulia, mikono kifuani, amevaa ile sura ya mtu aliyejiandaa kwa ubishi tangu jana. Buti lilikuwa wazi. Mto ulikuwa chini, juu ya changarawe. Wendell akauangalia vizuri safari hii: ulikuwa na mabonyeo mawili, kila moja saizi ya goti la mwanamke mdogo.

— Haya, mzee, fundi akasema. Pande mbili au upande mmoja?

— Upande mmoja. Kulia. Itoke yote mpaka mwisho.

Verna hakufurahi. Alimkazia macho mumewe kwa shaka kubwa.

— Wewe una nini leo? Umefanya nini?

— Sijafanya kitu.

— Hilo naliona. Dizeli kakwambia nini?

Fundi akakohoa, akasema ni lazima buti litolewe vitu vyote kwanza ndipo apime. Verna akamtazama tena mumewe, akaguna, akashika fimbo yake ya ndoana na kupiga magoti juu ya mto, taratibu, mkono mmoja ukijishikilia kwenye mlango. Alivyoshuka ilionekana kwamba magoti yake yalikuwa yakimuuma, na kwamba hayakuanza kumuuma leo.

— Niingie mimi, Wendell akasema.

— Na nyonga hiyo? Uinuliwe na nani?

— Basi nipe tochi. Nikumulikie.

Verna alisita, bado anamshuku, kisha akaifungua ile tochi kwenye kamba na kumpa bila kugeuka. Wendell akaegemea gari, akainama pale nyonga iliporuhusu, akamulika. Mwanga ulipita juu ya maboksi, ukapita lile jiko na zulia lililoviringishwa, ukaenda na kuendelea kwenda, mpaka ukagusa kiti cha pili, cha Verna, kule mwisho. Mkewe alikuwa ameshaingia nusu, nyayo tu zimebaki nje. Wendell hakuwa amejua kwamba kule ndani ni mbali kiasi kile.